Nyanya zimenishinda, nahodha ananiita, mke wangu amenyamaza

Mpendwa Mshauri,

Salamu. Nimesoma safu yako tangu nikiwa kambini, tena kwa kificho, maana kule ukikutwa unasoma habari za ndoa za watu utataniwa mwezi mzima. Sikudhani siku moja mimi ndiye nitakuwa naandika.

Nina miaka 43. Nimelitumikia jeshi miaka 22, mingi kati ya hiyo nikiwa bohari: sare, vipuri, mafuta, mahema, kila kitu kinachoingia na kutoka kwa saini. Mara mbili nilipelekwa mstari wa mbele, na ya huko naomba niyaache huko huko. Nimestaafu na cheo cha sajini, huu mwaka wa pili sasa.

Kabla hata sijarudisha sare nilijua nitalima. Wengi wetu husema hivyo, "nikitoka hapa ni shamba tu", na mimi nilikuwa wa kwanza kusema. Nimezaliwa kwa wakulima, ingawa niliondoka nyumbani kijana na jembe sikulishika tena. Kiinua mgongo nilikigawa mafungu matatu. La kwanza lilimalizia nyumba. La pili lilikodi shamba, likanunua pampu, mipira ya matone, mbegu na mbolea, nikalima nyanya. La tatu liko benki. Pensheni ya kila mwezi inatuvusha, haibakizi kitu.

Nyanya zilitoka vizuri mpaka wapita njia wakawa wanasimama kutazama. Mistari imenyooka kama gwaride. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, navaa buti zangu, nakagua mstari mmoja mmoja kutoka bondeni hadi juu. Zilipoanza kufunga matunda, miche michache ya bondeni ikawa inanyauka mchana, majani bado ya kijani kabisa. Muuza dawa akanipa dawa ya ukungu. Nikapiga. Akanipa nyingine kali zaidi. Nikaongeza na maji. Leo imebaki robo ya shamba, na hiyo robo nayo inapungua kila siku.

Wafanyakazi nilikuwa nao wanne. Nakiri niliwaendesha kama makuruti: saa kumi na moja na nusu wote mstarini, anayechelewa anakatwa. Wiki ya sita wakaondoka usiku na majembe mawili. Mke wangu alicheka siku hiyo. Tangu nyanya zianze kufa hacheki tena, na nikitaja shamba ananyamaza. Juzi tu alisema neno moja: "Wewe hutafuti shamba, unatafuta kambi." Anataka fungu la tatu lisiguswe, liwasomeshe watoto.

Sasa kuna mambo mawili mezani. Nahodha wangu wa zamani, ambaye naye amestaafu, ana ardhi kubwa ya familia yao. Anataka tufuge kuku wa mayai pamoja. Ardhi ni yake, mimi nilete hilo fungu la tatu kujenga mabanda na kununua vifaranga wa siku moja, kisha niishi huko nisimamie. Yeye atakuwa mjini anatafuta soko. Anasema baada ya miezi mitatu tutaanza kuokota mayai na pesa itarudi haraka. Huyu mtu nilimwamini na uhai wangu, na sijawahi kumwambia hapana.

La pili ni kazi. Shamba moja kubwa la nafaka na mboga linatafuta msimamizi wa ghala la pembejeo na vifaa. Mshahara si mbaya. Meneja ni binti wa miaka 27 mwenye shahada ya kilimo. Nilikwenda kuonana naye. Tulipokuwa tunatembea shambani, ule mzinga wa kutishia ndege ukalipuka nyuma yetu. Niliposhtukia nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye tope, mikono kichwani. Yule binti alisimama tu. Hakucheka, na afadhali angecheka. Siku ya pili akanipigia simu kuwa kazi bado ni yangu nikiitaka. Mke wangu sijamwambia habari ya mzinga. Nilisema niliteleza.

Nishike lipi, Mshauri? Nimwendee nahodha, nikawe karani wa binti, au niache kilimo nikubali kwamba kimenishinda?

Ni mimi,
Sajini asiye na kikosi

*

Ndugu yangu Sajini,

Ahsante kwa kuandika, na ahsante zaidi kwa ile habari ya mzinga, maana ungeweza kuiacha. Nitaifikia. Ngoja kwanza nikurudishie ninachokisikia. Umetoka mahali ulipojua kila kitu kinakaa wapi na nani anatoa amri. Umeingia mahali ambapo mmea unakufa na hausemi kwa nini. Umepoteza fungu moja la jasho la miaka 22, wafanyakazi wamekukimbia, na mkeo hasemi. Na sasa njia zote mbili zilizo mbele yako zinakurudisha kwa namna fulani chini ya mtu mwingine: mmoja unamheshimu kupita kiasi, mwingine unaona ni mdogo mno kwako. Kama nimekosea nisahihishe.

Neno ambalo sikubaliani nalo ni "kimenishinda". Umelima msimu mmoja, zao moja, kwenye ardhi usiyoijua. Kule bohari, kuruti aliyekaa miezi minne ungemwita ameshindwa kazi, au ungesema hajaanza?

Tuanze na nyanya. Mimi si mtaalamu wa mimea, kwa hiyo barua yako niliisoma kwa afisa ugani mmoja ninayemwamini, bila jina lako. Nilipofika pale "zinanyauka majani yakiwa ya kijani" akanikatiza. Akasema hiyo inanukia mnyauko bakteria, na kama ndio wenyewe, hakuna dawa ya ukungu itakayoutibu, kwa sababu si ukungu. Vijidudu vyake huishi kwenye udongo miaka kadhaa. Husafiri na maji, na udongo unaoganda kwenye majembe, na udongo unaoganda kwenye viatu. Akaniuliza, "Huyu bwana alikuwa anakagua kuanzia wapi?" Nikamwambia bondeni, kulikoanza ugonjwa, halafu anapanda juu. Akatikisa kichwa.

Sikuambii hili nikuumize. Nakuambia kwa sababu nadhani umejilaumu kwa uzembe, na inawezekana kilichokuangusha ni bidii yako yenyewe. Nidhamu ya kukagua kila mstari kila alfajiri ni kitu ambacho wakulima wengi hawana. Ilikosa ujuzi mmoja mdogo wa kuiongoza: anza palipo pazima, malizia palipo pagonjwa, osha buti. Yule muuza dawa alikuuzia alichokuwa nacho rafuni. Nikuulize swali la kijeshi, na utaniwia radhi mimi raia: mngeenda kuchukua kilima bila kutuma watu wa upelelezi kwanza? Shamba ulilikodi bila kuuliza lililimwa nini kabla yako. Kama aliyetangulia alipanda nyanya, pilipili, biringanya au viazi mviringo, hayo yote ni ukoo mmoja na yote hubeba ugonjwa huo.

Wala wewe si askari wa kwanza kujikwaa hapo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali za Australia ziliwagawia maelfu ya askari waliorudi mashamba wakalime. Wengi waliyaacha, wakiwa na madeni. Mwaka 1929 jaji mmoja aitwaye Pike alitoa ripoti kuhusu hasara ile, na sababu alizozitaja zilikuwa mtaji mdogo, mashamba madogo yasiyotosha kulisha familia, watu kuingia kilimo bila ujuzi, na bei za mazao kuanguka. Uvivu wa askari haukuwa ndiyo kiini. Marekani nayo ilipotunga sheria ya askari waliorudi mwaka 1944, ilihusisha pia mafunzo ya kilimo, na karibu watu 700,000 waliyapitia, wengi wao wakifundishwa huku wakifanya kazi kwenye mashamba yao. Natazama mifano hii miwili na kujiuliza kama swali lako la "nahodha au binti" si la pili. Pengine la kwanza ni hili: nani atakufundisha, na utajifunza kwa pesa ya nani?

Nikilishika swali hilo, ofa ya nahodha inanitia wasiwasi kidogo, na si kwa sababu ya moyo wake. Tazama hesabu. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20 hivi, yaani karibu miezi mitano, na hapo ndio kwanza anaanza, bado hajafikia kilele chake. Muda wote huo anakula, na chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote katika ufugaji huo, mara nyingi zaidi ya nusu. Kuna chanjo za magonjwa ya kuku kama kideri na Gumboro zisizosubiri mtu apate hela. Kwa hiyo mwenye kusema miezi mitatu ama ana mpango wa kununua kuku wachanga waliokaribia kutaga, ambao bei yao ni nyingine kabisa, ama hajawahi kufuga. Unaweza kumuuliza ni lipi kati ya hayo?

Hapo ndipo penye kidonda, sivyo? Umesema hujawahi kumwambia hapana. Kwenye mapigano hilo liliwaokoa. Kwenye biashara, mshirika asiyeweza kusema hapana ni mfanyakazi aliyeleta pesa. Fungu lako litakuwa mabanda, na mabanda hayang'oki. Yatakuwa yamesimama kwenye ardhi ya familia, na familia ina kaka, dada na watoto ambao hawakuwapo mlipokubaliana. Sisemi usiende. Watu waliotumikia pamoja huweza kujenga kitu ambacho wageni hawawezi, kwa sababu kuaminiana ndiko kunakokosekana kwenye ushirika mwingi. Lakini nahodha wa kweli hatachukia ukimwomba mkataba ulioandikwa, wenye kusema ardhi unaitumia miaka mingapi, mabanda ni ya nani mkiachana, nani analipa chakula cha miezi mitano ya kwanza, na wewe unayelala pale na kuku unalipwa nini kabla faida haijaonekana. Akichukia, utakuwa umejifunza jambo kabla ya kulipa. Unaweza pia kumwomba muanze na banda moja dogo, kundi moja tu. Kwa kuku mia mbili hasara itauma, na bado mtakuwa mmesimama.

Kuhusu kazi ya ghala, umetumia neno "karani". Ngoja nikuambie ninavyoliona ghala la shamba kubwa. Kuna dawa zenye tarehe za kuisha muda, mbegu zinazoharibika zikipata joto, vipuri vya pampu ambavyo vikikosekana siku tatu za kiangazi zao limekwenda. Ile kanuni yenu ya bohari, kilichoingia kwanza ndicho kitoke kwanza, mashamba mengi hupoteza fedha kwa kutoijua. Tunaposema "kulima" picha inayotujia ni ya mtu na jembe lake, tena kwenye shamba lake. Lakini kilimo kina mafundi mitambo, wasimamizi wa umwagiliaji, wakaguzi wa ubora, madereva, watunza maghala. Huko cheo chako hakiendi na wewe, ila kazi yako inaendelea ile ile. Na ukiwa hapo ungelipwa kutazama jinsi wenzako wanavyozungusha mazao, wanavyomkagua mtu viatu kabla hajaingia kitaluni, wanavyorekodi kila tone la dawa.

Ina hatari zake, tusizifiche. Unaweza kukaa ghalani miaka mitatu usitie mguu shambani ukatoka hujui zaidi ya leo. Kama utaikubali, omba mapema mpangilio wa siku moja kwa wiki uwe nje na wataalamu. Uliza mkataba ni wa mwaka au wa msimu. Na huyo binti: nimeona umemwita binti mara kadhaa na meneja mara moja. Si kosa, nami nina umri wa kuwaita wengi mabinti. Lakini jeshini hukuwahi kupokea amri kutoka kwa luteni aliyemaliza chuo jana? Ulimpigia saluti kwa sababu ya cheo, na baadaye, kama alistahili, kwa sababu yake mwenyewe. Huyu alikuona umelala kwenye tope, na kesho yake akakupigia simu. Sijui moyoni mwake kuna nini, ila hicho nimekiandika pembeni ya barua yako kwa kalamu nyekundu.

Sasa huo mzinga. Sajini, hukuteleza. Mwili wako ulifanya kile ulichofundishwa, kwa kasi ileile iliyokurudisha nyumbani mzima mara mbili. Mizinga ile hulipuka kwa gesi, kwa saa iliyopangwa, na mlio wake umekusudiwa kufanana na bunduki; wastaafu wengi waliokwenda mashambani wamekutana nao au na vitu vya jinsi hiyo. Yapo ya kuuliza: unalipuka saa ngapi, ghala liko umbali gani, wanaweza kukujulisha ratiba, sehemu nyingine wanaweza kutumia nyavu. Kuvaa kinga ya masikio kutasaidia, tena pengine masikio yako yanaidai tangu siku za shabaha. Lakini kujua ratiba hakumtoshi kila mtu. Wapo wanaoizoea, wapo ambao kila mlio unawachimba zaidi, na njia ya kujua wewe ni yupi si kujikaza. Ni kuzungumza na daktari au mshauri anayeshughulika na watu waliotoka vitani. Unalalaje usiku? Hukuniambia, na wewe ni mtu wa kuandika kila kitu, kwa hiyo nimeona hilo pengo. Huko kuamka saa kumi, unaamka kwa sababu ya nyanya, au nyanya ni sababu nzuri ya kuwa umeamka?

Jambo moja la vitendo, nalisema kwa upendo. Dawa za shamba zilizobaki zisikae ndani ya nyumba. Ziwe nje, kwenye sanduku la kufuli, na katika majira haya magumu ufunguo akae nao mtu mwingine. Na ukiona usiku fulani umekuwa mzito kuliko unavyoweza kuubeba, mwamshe mkeo, mpigie mwenzako, nenda hospitali. Usingoje alfajiri.

Mkeo nimemwacha mwisho, ingawa nadhani ndiye aliyeandika nusu ya barua hii. "Unatafuta kambi." Umeisikia kama tusi, mimi nimeisikia kama mtu anayekujua sana. Kuna ubaya gani kutafuta kambi? Kikosi, ratiba, kazi yenye maana, watu wanaokutegemea: binadamu gani hataki hayo? Nchi kadhaa zina vyama vya wakulima waliokuwa askari, na mara nyingi wanachokipata humo zaidi ya mbegu ni wenzao. Huenda kilichokosekana kwenye zile nyanya ni mtu wa kusimama naye kwenye mstari. Wale vijana wanne hawakuwa kikosi. Hawakula kiapo, walikuja kutafuta riziki. Mkeo je? Katika barua nzima sijaona mahali ulipomuuliza yeye angependa kulima nini, au kama angependa kulima. Umeniambia anachokataa tu. Na hilo fungu la tatu, yapo maamuzi yasiyo na haraka: linaweza kukaa benki mwaka mzima wakati wewe unajifunza kwa mshahara wa mtu mwingine, au likagawanywa, sehemu ikaandikwa kabisa jina la ada za watoto na isihesabiwe tena kuwa mtaji. Linaweza pia kwenda kwa nahodha lote. Ni lenu wawili.

Kabla hujamjibu yeyote, uliza pia kwenye ofisi ya jeshi inayoshughulikia waliostaafu kama kuna kozi au mafunzo ya kilimo unayostahili. Huduma za namna hii mara nyingi huwa na ukomo wa muda tangu siku ya kutoka, nawe uko mwaka wa pili.

Na kesho fanya hivi. Chagua mche mmoja ulioanza kunyauka leo, ukate shina karibu na udongo, uchukue kipande chenye urefu wa kidole. Kining'inize kwenye glasi ya maji safi, kisigusane na kitako cha glasi, subiri dakika chache bila kuitikisa. Afisa ugani ameniambia kuwa kama ni mnyauko bakteria utaona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina. Mwite mkeo aje atazame na wewe. Mkiwa mmekaa hapo mnaisubiri glasi, mwambie habari ya mzinga.

Ukiuona huo uzi, keshokutwa buti zibaki mlangoni mpaka zioshwe. Kisha niandikie.

Wako,
Mshauri